Hewa Niliyoifungua Pasipotakiwa

Naikumbuka asubuhi niliyotoka kwetu Mjambere bila kujua niendako, mwanangu. Shule niliiacha darasa la sita, kazi sikukaa nayo mwezi, ila kila nilichokiona nilitaka kujua kinaendaje. Miguu ikanifikisha Changamwe, kwenye mtambo mdogo wa kusafisha majitaka ya nyumba za wafanyakazi. Nikasimama uani nikitazama maji yakichemka bila moto, kwa hewa iliyopulizwa toka chini.

"Shikamoo, mama," nikamwambia msimamizi, Bi Zuhura. "Hewa hii mwaipuliza ya nini?"

"Marahaba. Wenzio hupita hapa wameziba pua, wewe waleta maswali. Haya, kaa siku saba. Ukifaa, kazi ipo, na chumba mtaa wa Chaani kipo. Ukiniharibia maji, njia ya Mjambere waijua."

Akanifunza. Majitaka yana amonia, ile harufu kali ya mkojo. Katika tangi la kwanza, lenye hewa, vijidudu huigeuza kuwa naitreti, chumvi isiyoonekana majini. Kisha maji huingia tangi la pili, yakikorogwa polepole bila hewa. Humo vijidudu vingine, kwa kukosa oksijeni, huinyofoa iliyomo ndani ya naitreti, nayo naitrojeni hupanda kwa mapovu ikaenda zake angani.

Nilisikia, sikuelewa. Siku ya nne, Bi Zuhura alipokwenda kuswali adhuhuri, nililitazama tangi la pili, jeusi, limezubaa, nikavionea huruma vijidudu vyake. Palikuwa na bomba la hewa la kuoshea tangi. Nikafungua vali. Kesho yake maji yaliingia bwawa la akiba, yasubiripo kupimwa, yakimeremeta, nami nikavimba kichwa.

Bi Zuhura akaiona vali wazi, akachovya kijikaratasi cha kupimia naitreti. Kikaiva waridi.

"Uzuri wa mkakasi," akasema. "Ndani naitreti tele. Umevipa vijidudu hewa ya bure, sasa vihangaike na ya kunyofoa kwa nini? Haya yakifika mkondo wa bahari, mwani utafunika maji, na ukioza utamaliza pumzi ya samaki. Watu wavua pale."

Akauacha mlango wa bwawa wa kutolea maji umefungwa. Bwawa lingehimili maji ya siku mbili tu.

"Niondoke, mama?"

"Wahenga wasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya hayajamwagika bado."

Basi nikafunga vali. Kila saa nikapima oksijeni ya tangi la pili, na bado ilikuwepo, kwani maji ya tangi la kwanza yaliingia nayo. Nikapunguza hewa huko, kidogo kidogo, maana ikipungua mno amonia hubaki. Maji ya bwawani nikayarudisha tangi la pili kwa pampu ya mkono, viganja vikachubuka. Alasiri ya siku ya pili kijikaratasi kikabaki karibu cheupe. Bi Zuhura akakitazama, kisha akatoa ufunguo.

"Wa Chaani. Mlango wakwama, usukume kwa bega."

Niliusukuma, nikaingia. Nilikaa miaka kumi na tisa, mimi nisiyekaa mwezi.

Mwanangu, chema kwako si chema kwa kila kiumbe. Kabla ya kumsaidia mtu, uliza kazi yake ni ipi na ahitaji nini; yuko ambaye wema wako utamlaza kazini. Na ukikosea, funga vali kwa mkono ule ule ulioifungua, ubaki hapo hadi maji yapone. Mola akupe macho ya kuona yaliyofichwa na maji maangavu, na mlango wa kuusukuma ukiwa umechoka. Amina.