Msiba Uliomtangulia Marehemu

Nikiri mapema kabla mama hajanisemea: babu yangu nilimuua mimi, kwa turubai la bluu na viti vya plastiki, saa ambayo yeye alikuwa ndani anakunywa uji. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, shule zimefungwa, na nyumba yetu ya mtaa wa Jabe ilinuka karafuu, uji wa mtama na ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu ambayo muuguzi Esperansi alituletea kwa pikipiki. Hospitali ilikuwa imesema kazi yake imekwisha. Esperansi akasema yake ndiyo kwanza inaanza. Alimfundisha mama kumgeuza babu bila kumuumiza, akanifundisha mimi kumlowanisha midomo kwa pamba, na akatukataza kumdanganya babu kwamba atapona, kwa sababu babu si mjinga. Kweli hakuwa. Alikuwa fundi cherehani, na hata pale kitandani alitazama mshono wa shati la kila aingiaye kabla ya kumtazama usoni.

Siku moja Esperansi alimuuliza kuna kitu gani anachokitamani. Tulitegemea aseme nyama ya kuchoma. Akasema, "Namutaka Saidi." Saidi ni mdogo wake. Walishona pamoja katika kibanda kimoja sokoni, hadi siku babu alipofumua pindo la suruali aliyoishona Saidi, mbele ya mteja, huku akisema huyu anakata nguo kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Saidi akabeba cherehani yake akahamia mtaa mwingine, Gihosha, na tangu hapo hawakusemezana. Mama alimpigia simu, akambembeleza. Saidi, babu yangu mdogo, akajibu, "Mi nitakuja siku ya kumuzika. Mbele ya hapo, apana." Yaani kabla ya kifo hakanyagi. Kila asubuhi babu aliuliza kama kuna mtu amefika kutoka Gihosha, mama akisema bado, naye anageukia ukutani.

Waliofika walikuwa wengine wote. Jabe mgonjwa hatembelewi, anavamiwa. Walijaa chumbani, wakamwombea dua ndefu, kisha wakamsimulia habari za watu waliokufa kwa ugonjwa huohuo. Esperansi akafoka: "Mutamumaliza pumuzi! Mutu mumoja mumoja, wengine mungojee inje." Nje jua lilikuwa linaunguza. Basi mimi, kijana mwenye akili nyingi, nikaazima viti kwa jirani, nikafunga turubai kutoka kwenye geti hadi kwenye nguzo ya umeme, nikavipanga viti safu kwa safu, nikarudi nyuma kuisifu kazi yangu. Ilipendeza. Ilipendeza kama msiba, maana kwetu turubai mbele ya geti, lisilo na maua wala muziki, lina maana moja tu.

Wa kwanza kukata kona alikuwa Mama Zaina, muuza sambusa. Akaliona turubai, akatua beseni, akashika kichwa. "Yoo! Muzee ametuacha!" Ningeweza kuyamaliza pale pale kwa neno moja. Lakini kilio chake kilikuwa kizuri mno, na beseni lilikuwa wazi. Nikainamisha kichwa nikasema, "Asante kwa kuja, Mama Zaina," kisha nikachukua sambusa. Haikuwa uongo; si alikuwa amekuja? Sijaimaliza hata nusu, simu zikawa zinalia mtaa mzima. Viti vikajaa. Mzee mmoja akaanza kueleza jinsi marehemu alivyokuwa mpole, na sauti ya babu ikatoka dirishani: "Nani huyo mupole amekufa?" Wanawake wawili wakaangusha viti. Mama akatoka, akalitazama turubai, akaniangalia. Nikaificha sambusa mgongoni.

Kabla hajafungua mdomo, teksi ikasimama. Sisi Waislamu hatumchelewishi maiti, kwa hiyo habari ilipofika Gihosha babu mdogo hakuuliza maswali. Alishuka amevaa kanzu na kandambili za mke wake, za rangi ya waridi, sanda nyeupe ikiwa kwapani, machozi yanamchuruzika hadi kwenye ndevu. Akawapita watu wote, akaingia chumbani, akamkuta maiti ameegemea mto, kijiko cha uji kikiwa mdomoni.

Babu alizitazama kandambili, akaitazama kanzu, kisha akanyoosha mkono, akaikunjua sanda na kuupapasa ukingo wake.

"Saidi," akasema, "hata hii umeikata upande."

"Nilikuwa nalia!" akafoka babu mdogo. "We unafikiri mutu anakata muzuri na macho yamejaa maji?"

"Leta makasi."

Basi babu akaelekeza kwa kidole, mdogo wake akapiga magoti sakafuni na kuikata upya sanda ya mtu aliyekuwa akimkosoa. "Nyoosha. Nyoosha, nakuambia, ni mimi nitaivaa!" Wakacheka hadi babu akapaliwa. Mama alitaka kuingia kati, "Astaghfirullah, hii ni nini?" lakini Esperansi akamshika mkono, akaupigapiga mkoba wake wa dawa. "Waache, mama. Dawa kama hii mi sina mu sakoshi."

Babu mdogo hakurudi Gihosha. Alitandika mkeka kando ya kitanda, akajifunza kumgeuza ndugu yake kama mama alivyofundishwa, na wakagombana juu ya mapindo hadi babu alipobaki na nguvu za kutikisa kichwa tu. Alikufa asubuhi moja, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Saidi. Nilipompelekea habari Mama Zaina, alifunika beseni kwanza. "Apana, we mutoto. Leo mi naingia nimuguse mwenyewe."

Sasa nakaribia kumaliza sekondari, na chumba cha babu kinanuka mafuta ya cherehani, maana babu mdogo ameihamishia yake humo. Kila nikienda shule ananisimamisha kukagua suruali. Nikibeba hata kiti kimoja barabarani, majirani wanauliza kwanza. Mimi mwenyewe huisimulia habari hii nikicheka, hadi nifike asubuhi ile ya mwisho. Mama hakuwa amenichapa wala kunigombeza kwa siku zote zile, kwa hiyo aliponiita uani nilijua zamu yangu imefika. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanishika bega, akaniwekea turubai mikononi, limekunjwa vizuri, akasema:

"Yusufu, kalifunge tena. Leo ni kweli."