Kura Yangu Mikononi mwa Kaka

Ng'ombe walikuwa watatu, na wote niliwanunua kwa mshahara wa kazi ya nyumbani hapa Riyadh, katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Malqa. Kule Kenya kaka yangu ndiye aliyewatunza. Mwanachama wa ushirika wa maziwa nilikuwa mimi. Mikono iliyokamua ilikuwa yake.

Mwaka mmoja ushirika ukaitisha kura. Wafugaji waamue kama kila lita ikatwe kiasi kidogo, fedha hizo zitumike kuyatangaza maziwa yetu na kumwajiri daktari wa mifugo. Kila mwanachama kura moja, kwa kunyoosha mkono ukumbini. Aliye mbali angeweza kumtuma mtu kwa barua.

Mimi nilitaka ndiyo. Kila nilipofuatana na madam, mwajiri wangu, dukani niliona jinsi maziwa ya huku yanavyosifiwa kwa mabango makubwa, nikawakumbuka majirani zetu wanaopika chai kwa maziwa ya kopo huku yetu yakimwagwa. Nikaandika barua, nikaipiga picha, nikamtumia kaka.

"Unyooshe mkono kwa ndiyo," nikamwambia kwenye simu.

"Dada, wewe unaona mabango. Mimi naona lori la ushirika likichelewa na maziwa yakiharibikia barabarani. Halafu watukate tena? Siwezi kunyoosha mkono kwa kitu nisichokiamini."

"Kura ni yangu."

"Ni yako. Basi njoo uipige."

Neno hilo liliniuma. Niliingia stoo nikakunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa. Katika nyumba hii hata kutoka getini naomba ruhusa, na hii kura ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kuniuliza nataka nini. Lakini nilijua pia ni nani anayeamka alfajiri kukamua, na ni nani aliyemvuta ndama kwa mikono yake alipokwama tumboni. Baada ya siku tatu nikamwandikia: Piga unavyoona wewe.

Siku ya kura tulikuwa Jeddah, kwa mama yake madam, mtaa wa Al-Hamra. Nilikuwa nakaanga sambusa simu ilipolia.

"Wa ndiyo wameshinda," kaka akasema. "Wametupita kwa mikono michache. Mimi nilikataa."

Nilichokitaka kilikuwa kimepita, na kura yangu ilikuwa upande ulioshindwa. Sikujua nimpe pole au nifurahi.

"Halafu nikasimama," akaendelea. "Nikasema, kama mnatukata, lori lifike mapema, na mtuonyeshe pesa zinakwenda wapi. Wakanichagua kwenye kamati ya kuzisimamia."

"Wewe uliyekataa?"

"Wamesema hiyo ndiyo sababu."

Nilicheka hadi madam akachungulia jikoni. "Yalla, sambusa!" akasema, lakini naye alikuwa akitabasamu.

"Kikao cha kwanza ni Jumatano," kaka akasema, sauti imeshuka. "Sina hata shati la maana."

Nikamwambia anunue la bluu, linampendeza.