Ng'ambo ya Mtaro

Mwezi wa pili wa mwaka 1971 jeshi lililotwaa serikali lilivunja bunge, na mji wetu wa Arua ukapoteza kiti chake. Nyumbani kwetu maana yake ilikuwa kwamba mume wangu alipoteza kazi ambayo haikuwahi kumpa mshahara: kutafsiri hotuba.

Kiti kile kilishika mji pamoja na vijiji vya pembeni. Mgombea aliposimama sokoni alisema Kiswahili, lugha ya watu wote na si ya mtu yeyote. Mbele walikaa Waislamu wa mji, wajukuu wa askari waliotoka Sudani, watu wangu. Wahindi walisikiliza kutoka kwenye baraza za maduka yao. Walimu wa shule ya misheni ya Mvara walisimama nyuma na miavuli. Wakulima wa Manibe, waliokuja kuuza mihogo, walibaki na mizigo kichwani mpaka mume wangu alipoanza kuwageuzia maneno kwa Kilugbara. Hapo ndipo walipoitua. Yeye alizaliwa kijijini Logiri, akaja mjini kujifunza ushonaji, akasilimu, akanioa. Watu wangu walimwita Mnubi mwenzao, watu wa Logiri walimwita mtoto wao, naye aliitika kote.

Mpaka wa mji ulipita kwenye mtaro kando ya makaburi yetu. Sijui nani aliuchora. Huku mji, ng'ambo vijiji.

Jirani yetu mchinjaji alimtania. "Bunge la nini sasa? Rais mpya ni wa Koboko, na mkweo yuko Koboko. Nenda kamwambie shida zako!"

"Kule nikatafsiri nini?" mume wangu alisema. "Wanaelewana wenyewe."

Mwaka uliofuata Wahindi waliondoka. Maduka yalipata wenyewe wapya, wengi wao askari, kisha chumvi ikaadimika. Mume wangu aliendelea kushona kwenye baraza ileile.

Alikufa mwaka 1974, asubuhi, kwa homa. Desturi yetu ni kuzika siku hiyohiyo. Mchinjaji alipanda baiskeli kwenda Logiri. Sasa, kwetu humpi mtu habari ya kifo akiwa shambani na jembe mkononi. Unasema mgonjwa amezidiwa, naye anaelewa. Mchinjaji akasema hivyo. Lakini shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alijua tangu juma lililotangulia kwamba ndugu yake anaumwa kweli, akalichukua neno kama lilivyo. Akakusanya wajomba wa upande wa mama, wamwone mgonjwa. Walifika alasiri na kuku wa kumtengenezea supu. Wanaume wetu walikuwa wanarudi kutoka makaburini.

"Shemeji, mgonjwa iko wapi?"

Nikamwambia. Akamgeukia mchinjaji. "Wewe ulisema mgonjwa!"

"Nilisema amezidiwa. Ulitaka nikupigie kelele mbele ya watoto wako?"

"Mutu yetu mumemuficha kama mbuzi ya wizi."

"Hakufichwa, baba," shehe alisema. "Amezikwa na ndugu zake."

"Ndugu zake ni nani?"

Kwao Logiri mtu hazikwi kabla wajomba hawajauona uso wake. Mimi nilitaka alale karibu, mahali ninapoweza kufika kwa miguu. Nilijua pia kwamba shemeji akiondoka na hasira, wanangu hawana Logiri tena. Nilitaka vyote viwili.

Wajomba walisema basi angalau wamchezee ngoma ya msiba. Shehe akakataa ngoma makaburini. Na mjini mkusanyiko wowote ulihitaji ruhusa ya jeshi.

"Mtaro si ule?" mchinjaji alisema. "Ng'ambo si mjini."

Wakavuka. Walicheza wakilielekea kaburi mpaka jua lilipozama, na shehe na watu wake walikaa upande wa huku na tasbihi zao. Mimi nilikuwa nimeanza eda. Niliisikia ngoma nikiwa uani.

Walipomaliza, shemeji alimfunga yule kuku mlangoni kwangu. Nilikuwa nimempakulia chakula. Hakunawa.

"Nyumba hii nilikula kwa ndugu yangu," alisema, akaenda zake. Hakuja tena.

Mwaka 1979 serikali ilianguka, na mtaa wetu, uliohesabiwa kuwa wa watu wa Rais, ukaanza kukimbia kisasi. Baba aliniita Koboko, lakini barabara ya kule ilijaa askari waliokuwa wakirudi nyuma na kunyang'anya watu magari. Nikawachukua wanangu, nikajitwika kichwa cha cherehani, tukashika njia ya Vurra kwenda Zaire. Logiri iko njiani. Sikukusudia kusimama.

Shemeji alikuwa anapalilia karibu na barabara. Alituangalia tukija.

"Na cherehani kichwani! Huko Zaire watu wote iko uchi?"

"Ndiyo iliyobaki yake, shemeji."

Akanitua. Akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani kwake. Pale uani, kando ya kaburi la mama yao, palikuwa na kipande cha ardhi cha urefu wa mtu, kilichopaliliwa na kuachwa bila kupandwa kitu. Nilizunguka nisikikanyage.

Mkewe alileta maharage na ugali wa muhogo. Shemeji akanawa, akawaita wanangu kwenye sahani yake, wakala.