Ruta ya Laini Mbili na Jina la Mwanangu

Nikiwasimulia watu hili wanacheka, maana linaanza na ruta. Mimi sijawahi kulicheka.

Kwetu Lindi, na kwa watu wa mume wangu pia, mtoto wa kwanza hupewa jina na upande wa baba, wa pili na upande wa mama. Wa kwanza mama mkwe wangu alimpa jina, nikaitikia. Wa pili alikuwa wa baba yangu. Hilo halikuwa na mjadala, liliongelewa hata kabla sijajifungua.

Shida ni kwamba baba alikuwa amepata kiharusi. Mdomo umepinda, maneno yanatoka mazito, moja moja. Kwenye simu ya kawaida ulikuwa husikii kitu, ni pumzi tu. Ilibidi umtazame mdomo ndipo umwelewe. Na yeye mwenyewe alikuwa na sharti lake tangu zamani: hampi mtu jina kabla hajamwona uso. Sisi wote nyumbani alikuja, akafunua kanga, akatutazama weee, ndipo akasema. Sasa yeye hawezi kupanda basi, na mimi ni mzazi, nimeshonwa, niko ndani natimiza arobaini. Tukakubaliana atamwona kwa simu ya video. Dada yangu ndiye aliyekuwa anamuuguza, angemshikia simu.

Tulikuwa tunaishi Kariakoo, nyumba ya vyumba sita na korido katikati, choo na jiko uani. Chumba cha mbele kulia chetu, cha kushoto cha mama mkwe, vilivyobaki wapangaji. Miaka ile kampuni za simu zilikuwa zinagombania watu kama wapiga debe. Kila mtu ana laini mbili, tatu, hii ya kupigia, hii ya bando la wiki, hii kwa sababu inashika vizuri Posta. Kwetu hakukuwa na laini moja ya kuaminika. Ghorofa zilikuwa zinaota pande zote, na mchana sokoni watu wamejaa, mtandao unalegea. Laini ya kampuni moja inashika asubuhi, jioni inakufa. Ya nyingine kinyume chake.

Mume wangu ni fundi simu, ana meza yake nje ya duka la vitenge. Mimba ikiwa miezi minane akanunua ruta yenye matundu mawili ya modemu. Kila modemu laini yake, kila laini kampuni yake. Akaiweka dirishani, taa mbili zikawaka kijani. Akaniambia, "Sasa tuna mbili kwa mpigo. Hii nyumba haitakosa mtandao tena."

Simu yangu mwenyewe ilikuwa haisomi laini, miezi mitano ananiambia ataitengeneza kesho. Mke wa fundi. Kwa hiyo nilitegemea ruta kwa video, na kitochi, kile kisimu cha vitufe, kwa maongezi. Na yeye alipoona mambo mazuri akaacha kuweka bando kwenye simu yake. Kila kitu ruta.

Halafu akawapa paswedi nyumba nzima. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Utamnyimaje mtu kitu kinachopita hewani?" Kwenye nyumba zetu hunyimi chumvi, hunyimi moto wa kuwashia jiko, na mtu akikunyima anasemwa mtaa mzima. Yeye akalihesabu bando kama chumvi. Mpangaji wa chumba cha nne alikuwa anaangalia tamthilia kuanzia asubuhi mpaka anakwenda kuoga.

Nikajifungua. Siku ya tano, baada ya alasiri, wakati baba anakuwa macho, nikapiga. Ikazunguka, ikazunguka, ikakata. Nikapiga tena ikashika, nikamwona dada, kabla hajamgeuzia baba simu ikakata. Siku ya sita hivyo hivyo. Jioni nikamwambia mume wangu aangalie ile ruta.

"Taa si zinawaka?" akasema. "Ruta haina tatizo. Tatizo huko kwenu. Kusini mtandao wa kubahatisha."

Mama mkwe alikuwa ananikanda na maji ya moto. Akakamua kitambaa, akasema, "Huko kwenu umeme wenyewe umefika juzi, mtandao utaupata wapi? Kesho siku ya saba. Mtoto hakai bila jina kwa sababu ya mnara."

Sitamsingizia yule mama. Alinikanda asubuhi na jioni, alinipikia uji wa pilipili manga, usiku alimchukua mtoto nilale. Lakini aliposema "huko kwenu" alikuwa anamaanisha jambo, na mimi nililisikia.

Siku ya saba mbuzi akachinjwa uani. Wanawake wamejaa korido nzima, kila mmoja na simu yake mkononi. Baada ya alasiri nikapiga. Ikashika. Nikamwona baba amekalishwa, kavalishwa kanzu na kofia, kwa ajili yangu. Nikamfunua mtoto, nikamsogeza kwenye kioo. Baba akainamisha kichwa atazame. Mdomo ukaanza kufunguka. Picha ikaganda pale pale, mdomo uko wazi nusu.

Nikapiga tena mara nne. Mume wangu akasimama mlangoni, akasema, "Basi, mke wangu. Watu wanasubiri." Mama mkwe akamchukua mtoto, akampeleka kwa wanaume waliokuwa wanasoma dua, na jina likatajwa. Jina la dada yake yeye mama mkwe. Nikasikia watu wanaitikia. Nilikuwa nimekaa kitandani na ile sura iliyoganda.

Jioni dada akanipigia kwenye kitochi. "Baba anauliza umeelewa? Kakusemea mara mbili."

"Mwambie sijasikia. Usimwambie kwamba ameshapewa jina."

"Nimwambie nini sasa?"

"Mwambie asubiri."

"Mdogo wangu, huyu si mtu wa kumwambia asubiri."

Siku ya nane, mume wangu alipokwenda kwenye meza yake, nikatoa boksi la ruta chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na risiti, na namba ya simu ya duka. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, nilikwenda na mume wangu siku ya kununua, nilimkumbuka kwa kuwa alinipa kiti. Nikapiga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikamweleza. Akacheka kidogo. "Ah, mama mwenye tumbo. Nilimwambia bwana wako, hii kitu haijumlishi. Inagawa. Simu moja inapita laini hii, nyingine laini ile. Hakunisikia, alikuwa anajua."

"Lakini taa zote kijani, mzee."

"Taa inasema laini imeona mnara. Haisemi laini ina bando. Ruta haijui njaa. Chomoa laini zako, weka kwenye simu, soma meseji."

Nikachomoa ya kwanza, nikaiweka kwenye kitochi. Bando lipo. Nikachomoa ya pili. Kitochi kikaanza kulia mkononi mwangu. Umetumia robo tatu ya kifurushi chako. Kifurushi chako kinakaribia kwisha. Kifurushi chako kimekwisha. Kilikwisha siku ya nne tangu nijifungue. Kampuni ilitoa taarifa zote, ikazipeleka kwenye modemu iliyokaa dirishani bila kioo. Na ruta kwa siku zote hizo ilikuwa inaona taa ya kijani na kuendelea kuigawia ile laini nusu ya kazi. Simu yangu ikiangukia laini yenye bando, nilikuwa naigombania na wageni wa korido nzima. Ikiangukia ile ya pili, nilikuwa napiga simu kwenye ukuta.

Kusini hakukuwa na tatizo lolote.

Nikazirudisha laini kwenye ruta, nikampigia tena mzee, akaniongoza hatua kwa hatua, kitochi nimekibana begani, mtoto ananyonya. Niandike kwenye simu yangu zile namba zilizobandikwa chini ya ruta, ukurasa ufunguke. Ukurasa wote Kiingereza, lakini nimemaliza kidato cha nne, sikuwa nimesoma bure. Pale palipoandikwa laini zote mbili zifanye kazi pamoja, nikaweka ya kwanza iwe kuu, ya pili iwe ya akiba. Simu yangu nikaiandikia ipite kwenye laini kuu siku zote. Mwisho nikabadilisha paswedi. Kazi ambayo mume wangu alinikataza nisiiguse nitaharibu, haikufika hata nusu saa.

Jioni korido ikawaka moto. Mpangaji wa chumba cha nne akagonga. "Dada, mtandao umekata?"

"Haujakata."

"Mbona kwangu hauji?"

"Kwako hautakuja."

Mume wangu alipoingia nikampa kitochi asome zile meseji. Akasoma zote tatu. Akasema, "Bahati mbaya."

"Hii si bahati mbaya. Hili ni bando. Ulikuwa unaligawa kwa majirani, na baba yangu amevaa kanzu anatazama kioo cheusi."

"Punguza sauti, mama yupo."

"Na asikie."

Mama mkwe alisikia. Usiku ule hakuja kumchukua mtoto. Asubuhi alikuja na maji yake ya moto, akanikanda, akanibonyeza tumbo kwa nguvu kuliko siku zote.

Siku ya tisa, baada ya alasiri, nilitaka baba amwone mtoto vizuri, na siwezi kushika simu na mtoto kwa pamoja. Nikamwita mama mkwe. "Mama, nishikie mtoto."

Angeweza kukataa. Akaketi kitandani, akamfunua mtoto uso mwenyewe, akamwinua. Nikapiga. Ikashika, na haikutetereka. Baba hakuwa na kanzu safari hii, alikuwa amelazwa ubavu, dada kamshikia kichwa. Akamtazama mtoto. Alimtazama muda mrefu mpaka nikadhani imeganda tena, kisha nikamwona anapepesa macho. Akasema. Nikamwangalia mdomo, nikaelewa, lakini nikamwomba, "Baba, rudia." Akarudia. Mara ya tatu alirudia bila kuombwa, polepole, na macho hayakuwa kwangu, yalikuwa kwa mama mkwe wangu.

"Nimesikia, mkwe mwenzangu," mama mkwe akasema. Akamshusha mtoto mapajani.

Baba alifariki kabla sijatimiza arobaini. Nilitoka nikaenda kuzika, na waliosema walisema.

Mtoto akiwa na miezi mitatu tulikwenda kumwandikishia cheti cha kuzaliwa. Kwenye benchi mume wangu akachukua fomu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Tuandike yote mawili? Mama asijisikie vibaya."

Nikamwambia alete kalamu. Niliandika moja, lile alilolirudia baba, kwa herufi kubwa, nikampa aweke sahihi. Akaweka.