Msichana wa Simu wa Chungu cha Jumamosi

Kila Jumamosi, saa tatu asubuhi, Kiema alikohoa mara mbili mbele ya maikrofoni, na tangu hapo hadi saa sita mchana hapakuwa na jambo duniani asilolijua. Saa ya kwanza aliinyoosha serikali, kuanzia waziri hadi chifu. Saa ya pili alifundisha sayansi na afya: wiki hii mwezi na jinsi unavyovuta mvua, wiki ijayo kisukari. Saa ya tatu aliingia katika ndoa za wanamuziki, na huko, kusema kweli, ndiko alikokuwa amefanya utafiti. Kipindi kiliitwa Chungu cha Jumamosi. Jina lilikifaa, maana kila kitu kilitupwa ndani na hakuna kilichoiva. Wasikilizaji walimwita Profesa. Hakuna chuo kilichompa cheo hicho, wala hakuna kilichomnyima, kwa sababu hakuna alichowahi kukanyaga.

Upande wa pili wa kioo aliketi Kanyiva, msichana wa simu. Alizaliwa Matinyani, kitindamimba wa watoto watano, akakua akisoma hata vipande vya gazeti vilivyofungiwa nyama. Alipata shahada ya biolojia, akaomba kazi ya ualimu mwaka baada ya mwaka, na alipochoka kungoja akaja kujaribu bahati katika redio hii ya mjini Kitui. Walimpa taarifa ya habari aisome ili wapime sauti yake. Sauti ikarudi ndani kama kichwa cha kobe. Wakampa simu.

Kazi yake ilikuwa kuuliza jina na mahali, kusikiliza kidogo, kisha kuamua nani aingie hewani na nani aachwe na muziki sikioni. Kiema alikuwa amempa kanuni moja tu.

"Mtu anayejua sana usiniletee, Kanyiva. Anayejua hachangamshi kipindi."

Basi alimletea wasiojua. Walikuwa wengi, na wote walikuwa na salio.

Miongoni mwao hakuna aliyemchosha kama Mulwa wa Kyuso. Mulwa alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wasikilizaji wa huko, watu kumi na wanane wenye fulana za kufanana, wenye mweka hazina na katibu, ingawa haikujulikana katibu huyo aliandika nini. Kwa miaka mitatu alipiga simu kila Jumamosi. Ukimuuliza ana maoni gani juu ya mada, alijibu, "Maoni yangu ni kumuunga mkono Profesa, halafu nisalimie watu wachache." Wachache hao walikuwa kama arobaini. Kanyiva hakuwahi kumwingiza hewani hata mara moja, na hilo ndilo jambo pekee katika kazi yake aliloliona kuwa huduma kwa umma.

Sasa ulifika msimu wa kuvuna ndengu, watu wakawa wanaingiza mikono kwenye marundo ya mashina makavu, na nyoka nao wamelala humo humo. Kiema akatangaza kwamba saa ya sayansi itakuwa ya nyoka. Kanyiva alisoma juma zima, akamwandikia kurasa mbili safi. Kiema alizipokea kwa shukrani, akaziwekea kikombe cha chai juu.

"Ukiumwa na nyoka," alisema hewani kwa sauti ya mhubiri, "jambo la kwanza ni kamba. Kaza mpaka sumu ikose njia! La pili ni jiwe jeusi la kunyonya sumu. Hospitali ni ya tatu, kama bado hujapona."

Simu zikamiminika. Bwana mmoja wa Sultan Hamud akasema dawa ni kugusisha waya wa plagi ya pikipiki kwenye jeraha, kisha kupiga kiki. Mama mmoja akataja mafuta ya taa na yai bichi, bila kueleza ni kipi kinachonywewa. Kanyiva aliwaunganisha mmoja baada ya mwingine huku akiwadharau, na akajidharau mwenyewe zaidi, maana kidole kilichobonyeza kilikuwa chake.

Saa nne na nusu akapiga Mulwa.

"Madam, leo huniachi," alisema, akihema. "Leo nina ushahidi. Mke wangu ameumwa na nyoka."

"Lini?"

"Sasa hivi! Tunasikiliza redio hapa shambani, mada ni nyoka, na nyoka naye akatoka kwenye ndengu. Si ni maajabu? Moma mzima, mnene hivi! Amemshika mkono. Niunganishe na Profesa."

Nyuma yake mwanamke alikuwa akilia. "Mulwa, mkono unawaka moto! Wacha hiyo simu!"

"Ngoja, Mutanu, tumepata laini." Akarudi kwa Kanyiva. "Kamba ya mbuzi ninayo mkononi. Nataka Profesa aniambie nifunge juu ya kiwiko ama chini."

"Mwenyekiti, usimfunge kabisa. Mpeleke hospitali."

"Profesa amesema kamba."

"Profesa amekosea."

Kisha Mulwa akauliza, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mtoto adabu, "Wewe si ni msichana wa simu?"

"Ndiyo."

"Basi fanya ya simu."

Kanyiva aliinua macho. Kiema alikuwa amekwisha kuona uso wake kupitia kioo, naye kwa habari tamu alikuwa na pua ya fisi. Alikuwa akimpungia mkono: leta, leta. Akimuunganisha, Kiema atamfungisha yule mama kamba akiwa Kitui, na kaunti nzima itasikiliza. Akikata, Mulwa atafunga mwenyewe, kisha atapiga tena kusema amefunga. Ukweli alikuwa amejaribu kumwambia, ukashindwa. Mtu aliyengoja miaka mitatu kutaja majina ya watu redioni huwezi kumwendea kwa ukweli.

"Mwenyekiti," alisema, na sauti yake ikatoka laini kama asali, akashangaa ilikotoka, "Profesa anataka kukuhoji wewe peke yako. Mahojiano marefu. Lakini anakutaka ukiwa hospitalini, mgonjwa kitandani, daktari kando. Hapo shambani laini yako inakwaruza."

"Mahojiano?"

"Mahojiano."

"Na salamu?"

"Zote."

"Za kikundi pia?"

"Hata za katibu. Lakini mgonjwa akifika amefungwa kamba, hakuna mahojiano. Daktari atawafukuza na simu yenu. Sikiliza: asitembee, mbebe. Atoe pete na bangili. Mkono uulaze juu ya kipande cha ubao, uuzungushie leso bila kukaza, usitikisike. Kuna gari hapo?"

"Kuna pikapu ya Mbaluka, lakini imepakia magunia ya ndengu ya watu."

"Shusha magunia."

"Watu watasema nini?"

"Watakusikia redioni, Mwenyekiti. Watasema nini tena?"

Akasikia simu ikiangukia mfukoni, na Mulwa akipaza sauti kama mtu aliyeteuliwa balozi: "Mbaluka! Shusha mizigo! Tunaenda kwa mahojiano!"

Wakati wa matangazo ya biashara Kiema alifungua mlango. "Ile simu ya maana iko wapi?"

"Imekatika," alisema Kanyiva.

"Imekatika! Simu moja tu ya maana mwaka mzima, na mikononi mwako inakatika. Wewe, Kanyiva, ungefaa maktaba."

Kanyiva alitazama saa. Kiema akarudi kwenye kiti chake, akaanza kueleza kwa nini mwanamuziki fulani aliachwa na mkewe, na alieleza kwa uhakika mwingi kuliko aliokuwa nao mwanamuziki mwenyewe. Saa tano ikapita. Saa tano na robo. Kanyiva alipokea simu nyingine bila kusikia majina.

Saa sita kasorobo Mulwa akapiga.

"Niko hospitali. Niweke."

"Mama yuko aje?"

"Anawekewa dawa kwa mshipa. Mkono umefura kama mguu wa ndovu, lakini daktari anasema tumefika mapema. Niweke, kipindi kinaisha!"

Kanyiva alipumua. Ahadi ni deni, na kwa kweli alitumaini kwamba mtu aliyemwona mke wake akiponea chupuchupu angesema lililomponya. Akambonyezea.

Mulwa alianza na pasta wake. Akaja kwa shemeji, kwa mweka hazina, kwa Mbaluka na pikapu yake, kwa walimu wa shule ya msingi mmoja mmoja. Alipofika mtu wa ishirini na tatu, Kiema akamkata.

"Na kamba, Mwenyekiti? Waambie wasikilizaji. Kamba ilisaidia?"

Mulwa alijua vizuri kamba ile ilikuwa wapi. Ilikuwa Kyuso, shingoni mwa mbuzi.

"Profesa," alisema, "kamba yako ndiyo imemwokoa mama."

Kiema akapiga meza kwa furaha. "Mmesikia? Hiyo ndiyo sayansi!"

Juma lile lilikuwa refu. Redio ilipokea jumbe za watu waliokwisha kununua kamba, wengine wakiuliza ya katani ni bora au ya nailoni. Jumatano Kanyiva alikwenda nyumbani Matinyani, akaikuta nyingine imening'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Mama yake alikuwa ameitundika mwenyewe.

"Mama, itoe. Hiyo kamba itakukatisha mkono."

"Kusoma ni kuzuri, mwanangu," mama yake alisema, akiendelea kupepeta mahindi, "lakini yule mzee wa Kyuso alikuwa na ushahidi."

Alimweleza mara tatu. Mara ya tatu mama yake alimwonea huruma, akamuuliza kama kazini wanamsumbua.

Jumamosi iliyofuata Kiema aliingia na shati jipya. "Leo tunaendelea na nyoka. Watu wamependa. Nipigie Mwenyekiti, nataka awe mtaalamu wetu. Saa nne kamili umlete."

Saa nne kasoro dakika mbili Kanyiva akapiga Kyuso. Simu ikapokewa na sauti ya mwanamke.

"Nani?"

"Ni redio, mama. Tunamtafuta Mwenyekiti, awe hewani."

"Ah." Alikuwa Mutanu. "Mwenyekiti yuko shambani. Mimi mkono huu haushiki kitu, na ndengu hazingoji. Simu ninakaa nayo mimi siku hizi. Na redio nimetoa betri." Kisha akauliza, "Wewe ndiwe yule msichana aliyesema nisitembee?"

"Ndiyo, mama."

"Daktari aliniuliza nani alitufundisha. Nikamwambia ni mtu wa redio. Akacheka, akasema haiwezekani."

Kanyiva alitaka kucheka naye, lakini akakumbuka kamba ya nyuma ya mlango. "Mama, wewe ulisikia mzee alivyosema juu ya kamba?"

"Nilisikia. Nilikuwa nimelala pale pale, na sindano mkononi. Ningekuwa na nguvu ningemrushia kiatu."

"Watu wananunua kamba, mama. Hata mama yangu."

Mutanu alishusha pumzi, na kwa mbali mbuzi wakasikika. "Haya. Unataka nini?"

Kiema alikuwa akigonga kioo na kuonyesha saa yake. Kwenye kompyuta, mahali pa jina la mgeni, Kanyiva aliandika neno moja tu, Kyuso, akabonyeza.

"Mwenyekiti!" Kiema alinguruma, mikono juu. "Karibu sana, mtaalamu wetu! Wasikilizaji wanakungoja!"

"Mwenyekiti anavuna ndengu," Mutanu alisema. "Mimi ndiye niliyeumwa."