Kibodi ya Mkono Mmoja

Dada yangu ni mchapaji wa mahakama. Kazi yake ni kusikiliza kesi zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno, na kwa jinsi vidole vyake vilivyokwenda mbio, wenzake ofisini walimwita Cherehani. Mumewe hakupenda kuwa na mke anayesifiwa nje ya nyumba. Siku moja, wakigombania simu, alimbamizia geti la chuma mkono wa kushoto. Mara ya kwanza tuseme hasira. Ya pili na ya tatu alikuwa amemshika kiwiko ili mkono usichomoke. Hospitali wakaukata kwenye kifundo.

Mimi ni mdogo wake, fundi kompyuta, na sina dogo. Nilitaka kwenda kumvunja shemeji miguu yote miwili. Dada akanizuia.

"Ukifungwa, mimi nitamtegemea nani?" akasema. "Nitengenezee kitu cha kuandikia."

Msajili wa mahakama alikuwa amemwambia wazi kwamba atampa jaribio la kuandika kesi moja nzima, akishindwa kazi basi. Na ustawi wa jamii nao walishasema kwamba bila mshahara, binti yake wa pekee atabaki kwa baba. Kwa baba, maana yake kwenye lile lile geti.

Nikamtengenezea kibodi ndogo, vitufe vyote vya mkono wa kulia. Kibodi za namna hii zina programu yake ndani, na anayeiamuru ni wewe. Niliipanga kwa matabaka mawili: ukibonyeza hivi hivi unapata herufi za upande wa kulia, ukishikilia kitufe cha chini kwa kidole gumba, vitufe vile vile vinageuka herufi za kushoto. Herufi kubwa ndizo zilizonitoa jasho, maana mkono mmoja hauwezi kushikilia viwili na kubonyeza cha tatu. Nikakifanya kitufe chake kinate: unakigusa, unakiachia, chenyewe kinasubiri herufi inayofuata. Mwanzoni nilikiacha kisubiri bila kikomo. Dada anakigusa, anasita kusikiliza, anasahau, mara herufi kubwa inachomoza katikati ya sentensi. Siku ya tatu aliirusha kibodi ukutani. Nikamtukana, akanitukana, tukaokota vitufe chini ya meza, nikaweka kikomo cha sekunde moja. Ikakaa sawa.

Shemeji alikuja dukani kwangu siku moja kabla ya jaribio, mchana kweupe, akitabasamu, akamkuta dada mezani akifanya mazoezi.

"Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," akamwambia mkewe. "Fungasha."

"Zizi ndilo lililomvunja," nikajibu mimi.

Akanizaba kofi, nikaangukia rafu, mdomo ukajaa damu. Kisha akaitazama kibodi, akamtazama dada, akaelewa. Kibodi hakuigusa. Huyo mtu ni katili lakini si mjinga. Alikamata mkono wa kulia, ule uliobaki, akauburuta hadi kwenye jiliwa langu la kubania vyuma pale mezani, akaanza kukaza mpini. Dada hakupiga kelele. Alimng'ata sikio, akang'ang'ania. Nikasikia kidole gumba kikialika kama kijiti kikavu.

Kichomeo changu cha kulehemu kilikuwa kimewashwa. Nikamchoma nacho shavuni, nikakigandamiza, na ule mlio wa ngozi, wallahi, ulinifurahisha. Alipoachia nikamchoma tena, shingoni. Hiyo ya pili hakuna aliyenilazimisha.

Polisi walipofika, wa kwanza kutiwa pingu nilikuwa mimi. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Jioni tuliachiwa wote wawili kwa dhamana, yeye na bandeji, mimi na pengo la jino.

Dada alinisubiri dukani, gumba limefungwa plasta.

"Jaribio ni kesho," akasema, "na gumba halishikilii kitu."

"Basi halitashikilia."

Nikafungua programu, nikakifanya na kile kitufe cha tabaka kinate vile vile: unakigusa kwa kidole cha mwisho, unakiachia, herufi ya kushoto inakuja, kisha kibodi inarudi kulia yenyewe. Tukafanya mazoezi mpaka vidole vinne vikaacha kubabaika.

Akafaulu. Msajili alisema anakwenda polepole, lakini kosa hakuliona. Ustawi wa jamii wakapata barua ya mshahara, wakamtoa binti kwa baba yake. Siku dada alipomleta dukani, mtoto amebeba begi la shule na furushi la nguo, nilikuwa na furaha ya kuimba. Nikamwambia dada gumba limeshapona, alete kibodi niirudishe ilivyokuwa.

Hakunipa. Alimtuma mtoto duka la jirani akanunue soda.

"Yuko nje kwa dhamana," akasema, "na leo amepita mbele ya ofisi yetu mara mbili."

"Aje. Kichomeo bado ninacho."

"Najua. Niwekee mpangilio mwingine, wa vidole vitatu." Akakunja kidole kimoja kunionyesha. "Halafu wa viwili. Nataka niuzoee kabla hajafika."

Nilitukana. Nilipiga kiti teke. Nikamwambia yule mwanamume nitamuua kwa mikono yangu, huku dada akikisugua kile kidole gumba kwenye gauni. Mtoto alikuwa bado hajarudi. Nikakiinua kiti, nikakaa, nikaanza na ule wa vidole vitatu.