Sura Iliyo Chini ya Chokaa

Sikiliza, ndugu yangu, nikueleze kwa nini ukuta wa nyuma ya altare yetu hapa Bwera umepakwa chokaa mahali pamoja tu.

Mama mmoja mkimbizi, anayeuza vitenge sokoni, alituchorea hapo Bikira Maria akiwa amembeba Yesu mgongoni. Wazee wa kanisa hawakupenda.

"Padri, huyu ni Maria gani?" mmoja akauliza. "Limebaki beseni la mihogo tu kichwani!"

Wakacheka. Nikafungua kitabu changu cha michoro, nikawaonyesha taratibu kwamba wachoraji wa Ulaya nao walimpa Maria sura za wanawake wa kwao. Wakaangalia kila ukurasa.

"Tumeelewa, padri," wakasema.

Nikaenda Kasese kwa mkutano wa mapadri. Niliporudi, mchoro ulikuwa umefutwa kwa chokaa, na juu yake wazee walikuwa wametundika picha ya plastiki ya Maria Mzungu.

Jumapili yule mama alibaki kanisani baada ya misa, akiutazama ukuta.

"Mon père, ile haikukuwa Maria tu," akaniambia. "Nilitia sura ya dada yangu. Alikufa kule kwetu Beni. Foto yake sina hata moja."

Nimesoma vitabu vingi juu ya msamaha, na nimewafundisha wengine. Wazee wale bado nawapa komunyo, na kila mara mkono wangu unakuwa mzito.

Wewe, kabla hujafuta mchoro wa mtu, muulize kwanza amemchora nani.